Nani Anamlea Maalim? Muhasaba ya Mwalimu baina ya Fiqhi na Tarehe

  

Katika kamati nyingi za misikiti yetu, mazungumzo juu ya madrasa huzunguka mambo matatu: jengo, posho za walimu, na watoto wangapi wamehitimu juzuu ngapi. Ni nadra sana kusikia kamati ikiuliza maalim mwenyewe anafikiri nini anaposimama mbele ya watoto, na ni nani anayekaa naye baada ya somo akamsaidia kulitazama upya. Tunamwajiri kijana aliyetoka chuoni, tunamkabidhi watoto sitini na ubao, kisha tunamwacha. Akikosea tunamlaumu, akichoka tunatafuta mwingine.

Hatuandiki haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Miaka kadhaa iliyopita tulitakiwa kwenda kukagua madrasa moja ya jioni. Tuliketi nyuma ya darasa na karatasi yenye orodha ya mambo ya kutazamwa, tukatia alama moja baada ya moja. Somo lilikuwa faradhi za udhu. Ustadhi alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na adabu nyingi. Somo lilipokwisha tulimsomea makosa yake tisa, tena mbele ya mwalimu mkuu. Kosa la nne lilikuwa kwamba watoto walikuwa na kelele na wengine walimkatiza mwalimu kwa maswali. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Nimesikia, sheikh." Tulirudi baada ya miezi mitatu. Makosa manane yalikuwa pale pale. Lililorekebishwa ni lile la nne tu: darasa lilikuwa kimya kabisa, hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza. Tulikuwa tumemharibu.

Tutarudi kwenye kisa hicho. Kwanza tuitazame sharia na tarehe ya umma wetu, kwani suala la namna ya kumlea anayefundisha si geni kwa wanavyuoni, ijapokuwa limepewa majina mapya katika zama zetu.

Yule aliyerudishwa mara tatu

Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), kisa mashuhuri cha mtu aliyeingia msikitini akaswali swala ya haraka isiyo na utulivu, kisha akaja kumtolea salamu Mtume (S.A.W.). Mtume aliitika salamu yake na akamwamuru arudi akaswali, kwani hakuwa ameswali. Akarudi, akaswali kama mwanzo. Akarudishwa tena, mpaka mara ya tatu. Hapo ndipo mtu yule mwenyewe aliposema kuwa hajui vizuri zaidi ya vile na akaomba afundishwe. Mtume (S.A.W.) akamfundisha swala hatua kwa hatua, kuanzia takbiri, kisomo, rukuu na utulivu wake, mpaka sijida.

Hadithi hii mafaqihi huitumia zaidi katika mlango wa nguzo za swala, na hususan suala la utulivu. Lakini walioisherehesha waliuliza swali jingine linalotuhusu sisi hapa: kwa nini Mtume (S.A.W.) hakumwambia kosa lake tangu mara ya kwanza? Katika elimu ya Usul kuna kanuni kwamba haijuzu kuchelewesha ubainifu kupita wakati wa kuhitajika kwake. Imekuwaje basi?

Wanavyuoni walijibu kwa njia kadhaa. Wakati wa swala ulikuwa bado mpana, kwa hiyo ubainifu haukucheleweshwa kupita wakati wake. Yumkini mtu yule alikuwa amesahau au ameghafilika, na kurudia kungemfanya akumbuke mwenyewe bila ya kuambiwa. Na wengine walisema kuwa mtu yule hakuuliza mwanzoni, alikuwa akiuegemea ujuzi aliokuwa nao. Alipotambua mwenyewe kwamba hajui, moyo wake ukafunguka na mafunzo yakakaa.

Tukiyachukua majibu haya kwa uzito wake, tunapata mizani nzima ya kumlea mwalimu. Kuna kosa ambalo mwenye kulitenda anaweza kuligundua mwenyewe akipewa nafasi ya kulirudia na kulitazama, na akiligundua mwenyewe hulishika kuliko akiambiwa. Na kuna wakati ambao ubainifu hauna budi kutolewa hapo hapo. Anayemlea mwalimu lazima ajue kupambanua baina ya mawili haya. Akimwona maalim amebadilisha harakati ya herufi mpaka maana ya aya imegeuka, au amewafundisha watoto jambo la itikadi lisilo sahihi, hana ruhusa ya kuketi akitafuta maswali mazuri ya kuuliza. Atabainisha, kwa upole na kwa siri kadiri iwezekanavyo, lakini atabainisha kabla watoto hawajatawanyika. Na akimwona anampiga mtoto kwa namna ya kumdhuru, atasimama na kuzuia kwanza.

Hili la kupiga tuliseme wazi kidogo, maana ndilo linalowafikisha walimu wetu polisi na mahakamani. Muhammad bin Sahnun, mwanachuoni wa Kimaliki wa Qayrawan aliyefariki mwaka 256 H (870), ni miongoni mwa watu wa mwanzo kuandika kitabu maalumu juu ya adabu za walimu, na humo aliweka mpaka wa mapigo matatu na akashurutisha idhini ya mlezi wa mtoto kwa kinachozidi hapo. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, maalim aliyeadabisha mtoto kisha mtoto akafa kwa sababu hiyo anabeba dhamana, hata kama nia yake ilikuwa njema, kwa kuwa ruhusa ya kuadabisha imefungamanishwa na usalama wa mwisho wake. Mwalimu anayeinua fimbo kila mara, aghalabu huwa amefikia mwisho wa anayoyajua. Ukimnyang'anya fimbo bila ya kumsaidia kufikiri nini kingine afanye, atatafuta njia nyingine ya ukali, na ulimi ni mojawapo.

Swali lisilomtuhumu mtu

Katika hadithi ya Dhul-Yadayn, nayo imo katika Sahihi mbili, Mtume (S.A.W.) aliswalisha mojawapo ya swala za mchana akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Abu Bakr na Umar walikuwapo na wakaona haya kumsemesha. Akainuka Dhul-Yadayn akauliza kama swala imepunguzwa au Mtume amesahau. Mtume akawauliza watu, wakamsadikisha, akatimiza swala na akasujudu sijida ya kusahau.

Tazama namna swali lilivyojengwa. Limemfikishia mwenye kuulizwa habari kwamba rakaa zimepungua, lakini limemwachia milango miwili, na mmoja wao hauna kosa lolote ndani yake. Hivyo ndivyo tunavyotaka mlezi wa walimu aulize. Mwalimu aliyeruka sehemu ya somo haulizwi "Kwa nini umeacha sehemu ya pili?" Huulizwa kama aliiacha kwa kukusudia au muda ulimbana. Tofauti ni ndogo kwa maneno, lakini swali la kwanza humfanya mtu ajitetee na la pili humfanya akumbuke.

Huenda msomaji akatupinga kwa kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Khidhr katika Suratul Kahf, ambapo mwanafunzi alishurutishwa asiulize. Tunajibu kuwa shuruti ile ilikuwa na mpaka wake: asiulize mpaka aelezwe. Na mwishoni alielezwa matendo yote matatu, moja moja, pamoja na sababu zake. Walimu wengi tunaowajua huishika nusu ya kwanza ya kisa na kuisahau ya pili.

Abu Yusuf na mas-ala ya dobi

Tarehe ya fiqhi ina mfano bora zaidi wa jambo hili, na umepokewa katika vitabu vya wasifu wa maimamu. Abu Yusuf, aliyekuja kuwa kadhi mkuu wa Baghdad na kufariki mwaka 182 H (798), alikuwa mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa (aliyefariki 150 H, 767). Aliugua, na Imamu akamsifu kwa watu. Alipopona alijiona amekwishafika, akajitenga akaweka halaka yake mwenyewe ya kufundisha bila ya kumwarifu sheikh wake.

Abu Hanifa hakumwandikia barua ya karipio wala hakumtangazia ubaya. Alimtuma mtu na swali. Mtu kampa dobi nguo aifue kwa ujira maalumu. Alipoifuata, dobi akakanusha kuwa hana nguo yake. Akaifuata tena baadaye, dobi akampa nguo ikiwa imefuliwa. Je, dobi anastahiki ujira? Mjumbe alielekezwa hivi: akisema anastahiki, mwambie umekosea, na akisema hastahiki, mwambie umekosea. Abu Yusuf alijibu la kwanza akaambiwa amekosea. Akafikiri kitambo, akajibu la pili, akaambiwa amekosea. Akainuka saa ile ile kwenda kwa Abu Hanifa, na Imamu alipomwona alijua kuwa mas-ala ya dobi ndiyo yaliyomleta.

Jibu lilikuwa katika kupambanua. Ikiwa dobi aliifua nguo kabla ya kukanusha, anastahiki ujira wake, kwani aliifua kwa ajili ya mwenyewe. Ikiwa aliifua baada ya kukanusha, hana ujira, kwa kuwa kwa kukanusha amekuwa mporaji na ameifua kwa nafsi yake.

Tunawaomba wanafunzi wa fiqhi wasiishie kwenye utamu wa mas-ala haya. Abu Hanifa alimpelekea mwalimu mchanga swali ambalo ndani yake kuna kasoro ile ile aliyokuwa nayo: kuharakia hukumu moja kabla ya kuuliza hali zilikuwa ngapi. Kisha alimwacha afikiri, mara mbili. Hakumwambia "wewe bado." Alimtengenezea njia ya kuliona hilo kwa macho yake, na alipokuja akampokea. Halaka ya Abu Hanifa yenyewe ilijengwa hivyo. Mas-ala yaliwekwa mbele ya wanafunzi, yakajadiliwa, na wanafunzi wakubwa kama Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan wakamkhalifu sheikh wao katika mengi, na khitilafu zao zikahifadhiwa pamoja na rai yake.

Sisi wafuasi wa Imam Shafi nasi tuna mfano wetu. Imamu aliacha madhehebu ya kale ya Iraq na kuweka mapya Misri, nchi aliyofia mwaka 204 H (820). Na imepokewa kutoka kwa mwanafunzi wake al-Muzani kwamba alimsomea kitabu cha al-Risala mara themanini, na kila mara Imamu akaona humo jambo la kurekebisha. Ikiwa Shafi aliurudia utungo wake namna hiyo, ustadhi wetu anayetumia daftari moja tangu mwaka aliohitimu ana hoja gani?

Ibn Khaldun na wanafunzi walionyamaza

Ibn Khaldun (aliyefariki 808 H, 1406), katika Muqaddima yake, ameandika jambo ambalo kila kamati ya madrasa ingefaa kulisoma kwa sauti. Alieleza kuwa muda uliowekwa kwa wanafunzi kukaa katika madrasa za Morocco zama zake ulikuwa miaka kumi na sita, ilhali Tunis ulikuwa miaka mitano. Sababu aliyoitaja haikuwa akili za watu. Wanafunzi wengi wa huko walihudhuria vikao wakiwa kimya, hawasemi wala hawajadili, wakajishughulisha na kuhifadhi kupita haja. Kwa hiyo walichelewa kupata malaka, yaani ule uwezo uliokaa ndani ya nafsi wa kuitumia elimu. Alisema pia kuwa ukali kwa wanafunzi huwafundisha uongo na hila na kuzima uchangamfu wao.

Tukumbuke kuwa wanafunzi wale walionyamaza ndio waliokuwa walimu baada yake. Mtu aliyesoma miaka kumi na sita bila ya kuulizwa anafikiri nini, hatamuuliza mtoto anafikiri nini. Kwa hiyo mwenye kutaka watoto wa madrasa wafikiri, aanze na maalim.

Wazee wetu walilijua hilo katika kuendesha madrasa. Hati za wakfu za madrasa nyingi za Sham na Misri zilitaja, pamoja na mudarrisi, mtu aitwaye muid, na zikampangia posho yake. Kazi yake ilikuwa kulirudia somo na wanafunzi na kuwafahamisha. Taj al-Din al-Subki (aliyefariki 771 H, 1370) alimkumbusha muid kuwa ana wajibu zaidi ya kusikiliza tu somo kama wengine. Na Ibn Jamaa, kadhi wa Kishafi wa Misri aliyefariki mwaka 733 H (1333), alimtaka mwalimu asione haya kufaidika na aliye chini yake kwa cheo, nasaba au umri. Ngazi hii ya muid ndiyo iliyokuwa chuo cha ualimu: mtu alijifunza kufundisha huku yupo anayemtazama, na yeye akimtazama mwingine. Kwetu Afrika Mashariki mwanachuo mkubwa aliyesomesha wadogo mbele ya maalim wake alifanya kazi inayokaribiana na hiyo, ila tumeiacha iwe ya kupunguza mzigo wa maalim badala ya kuwa ya kumlea anayeifanya.

Muhasaba, na waliyoyasema watu wa zama hizi

Msingi wa haya yote ni muhasaba. Aya ya 18 ya Suratul Hashri imewataka waumini kila mmoja atazame alichokitanguliza kwa ajili ya kesho yake. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 243 H (857), alipata lakabu yake kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake. Kisha Imam Ghazali (aliyefariki 505 H, 1111) aliipanga muhasaba katika Ihyau kama biashara. Mfanyabiashara huwekeana masharti na mshirika wake asubuhi, humtazama katikati ya kazi, na jioni hufanya naye hesabu ya faida na hasara. Vivyo hivyo mja na nafsi yake: kushurutisha, kuchunga, kuhesabu, kisha kuadhibu, kupambana nayo na kuilaumu.

Sasa tazama ajabu. Katika miaka ya 1980 huko Marekani, wataalamu wawili wa elimu, Arthur Costa na Robert Garmston, waliweka utaratibu wa kumlea mwalimu kifikra wenye hatua tatu: mazungumzo kabla ya somo, kulitazama somo, na mazungumzo baada yake. Kabla ya somo mlezi humuuliza mwalimu amekusudia nini na atajuaje kuwa kimepatikana. Wakati wa somo hutazama lile tu waliloafikiana. Baada ya somo humuuliza ameonaje, ana ushahidi gani, na safari nyingine atafanya nini. Mlezi hatoi hukumu. Hunyamaza, hurudia kwa maneno yake alichosikia, na huuliza. Kabla yao John Dewey alikuwa ameandika mwaka 1910 juu ya namna mtu anavyofikiri, na Donald Schön aliandika mwaka 1983 juu ya mwenye taaluma anayeitafakari kazi yake akiwa ndani yake. Hatusemi kuwa watu hawa walichukua kwa Ghazali. Tunasema kuwa mwenye Ihyau rafuni mwake hana sababu ya kuuona utaratibu huu kuwa wa kigeni. Hikima ni haki ya muumini popote aipatapo.

Ila kuna tofauti moja ambayo hatutaki ipotee. Kwa Ghazali hesabu ile inafanywa mbele ya Mwenyezi Mungu, na mwalimu anatafakari somo lake kwa kuwa ataulizwa juu ya watoto wale Siku ya Kiyama. Lengo la kuongeza ufaulu ni jema, lakini ni dogo kuliko hilo.

Hapa kwetu pia njia hii imejaribiwa. Katika miaka ya 1980 ulianza Mombasa mpango wa madrasa za watoto wadogo, kwa ombi la viongozi wa Kiislamu wa pwani na kwa msaada wa Aga Khan Foundation, na Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa zaidi wanawake wa mitaa ile ile. Hawakupewa semina kisha wakaachwa. Mkufunzi aliwafuata darasani, akakaa nao na kuzungumza juu ya walichofanya. Watu watakhitalifiana kuhusu mitaala na wafadhili, na wana haki hiyo. Lakini katika hili la kumfuata mwalimu mpaka darasani mwake, tuwape haki yao.

Mipaka ya kifiqhi

Kumtazama mwalimu akifundisha kuna hukumu zake. La kwanza ni kujihadhari na upelelezi, uliokatazwa katika Suratul Hujurati. Mlezi asiingie kwa kuvizia wala asisimame dirishani kusikiliza. Aje kwa miadi, na mwalimu ajue kinachotazamwa. La pili ni usengenyaji. Imam Nawawi (aliyefariki 676 H, 1277) ametaja katika Riyadhus-Salihin hali sita ambazo kumtaja mtu kwa kasoro yake kunaruhusiwa, miongoni mwazo kuwahadharisha Waislamu na shari na kuwanasihi. Kwa hiyo mlezi aliyeona mtoto anadhuriwa ataifikishia kamati, na huo si usengenyaji. Lakini kumweleza mwenyekiti kwamba ustadhi fulani hajui kupanga ubao, wakati mlezi ndiye aliyewekwa kumsaidia katika hilo hilo, hakuingii katika ruhusa hiyo. Yaliyosemwa baina yao ni amana.

Kutokana na hilo tunaona kuwa asiwe mtu mmoja anayemlea mwalimu na kumhukumu. Anayeamua juu ya posho na ajira ya ustadhi asipewe kazi ya kukaa naye kumtafakarisha, kwani hakuna mtu atakayemfungulia moyo aliyeshika riziki yake. Sisi tulikosea hapo. Pia walimu wa kike wapate mlezi wa kike. Katika miji yetu hawakosekani wanawake wenye elimu na subira ya kazi hii. Kinachokosekana ni kamati kuwakumbuka.

Katika mazoea madogo, liko moja ambalo halina gharama. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua katika miaka ya 1970 kuwa walimu wakishauliza swali husubiri kiasi cha sekunde moja tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mwanafunzi mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya wanafunzi hurefuka na kuwa na hoja. Nasi tumeliona kwa walezi pia. Ukimuuliza ustadhi kitu cha maana, nyamaza. Hesabu tasbihi tatu kimoyomoyo. Aghalabu jibu la kwanza huwa ni la kukuridhisha, na linalofuata kimya ndilo la kweli.

Turudi kwa yule kijana

Tulipoliona darasa lile limekuwa kimya, tulijua tumefanya nini. Baada ya watoto kuondoka tulimwomba ustadhi radhi, na karatasi tukaikunja. Tulimuuliza jambo moja: katika somo lile la faradhi za udhu, ni kitu gani kimebaki kichwani mwake mpaka leo?

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kulikuwa na mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, ana bandeji mkononi kwa kuvunjika. Siku ile alinyoosha mkono ule ule na kuuliza kama udhu wake unasihi. Ustadhi alimjibu kuwa mlango huo hawajaufika, azihifadhi kwanza faradhi sita. Wiki kadhaa baadaye mama yake alikuja madrasa kulalamika kuwa mtoto haswali tena. Mtoto alipoulizwa alisema hana udhu. Alikuwa ameacha swala tangu siku alipofungwa mkono, na baada ya kuuliza mara moja na kuambiwa bado, hakuuliza tena.

Tuliitafuta karatasi yetu ya mwanzo. Swali la mtoto yule lilikuwamo, tumelihesabu katika kosa la nne, chini ya kelele.

Ustadhi alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake miezi mitatu, maana hakuna aliyemuuliza. Tukamuuliza angemjibu nini leo. Alianza kusoma hukumu ya jabira kama ilivyo kitabuni: aoshe palipo pazima, apake maji juu ya kifungio, na atayamamu kwa ajili ya pasipooshwa. Kisha akasita mwenyewe, akasema kuwa kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja hayo ni maneno matatu mageni kwa pumzi moja, na kwamba ingefaa amwite mbele, amwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe, na darasa zima litazame. Akasema pia kuwa hapo watoto wangefahamu kwa nini faradhi ni sita, maana wangeona nini kinabaki pale moja inaposhindikana. Hatukumfundisha hata neno moja katika hayo.

Kisha akatugeuzia swali: zile swala za wiki zote zile, mtoto azilipe? Jibu lilikuwa limeshatufika ulimini, tukalizuia. Tukamuuliza yeye anaonaje. Akasema mtoto hajabaleghe, kwa hiyo hana dhambi, lakini anadhani kuna maneno ya Mashafi kwamba mlezi amwamrishe mtoto mwenye kupambanua kulipa kama anavyomwamrisha kuswali, na kwamba anataka kuhakikisha kabla ya kusema na mama yake. Akainuka kwenda kabatini. Alirudi na vitabu viwili, akaviweka mkekani baina yetu, na tukakaa tukisoma mpaka ikaadhiniwa Isha.